Mwanga Juu ya Mfereji wa Kwemlanda

Wema Hoza alirudi Kwemlanda mwaka wa pili baada ya kumzika mumewe. Wapo waliosema mji umemshinda, lakini haikuwa hivyo. Ofisi ya maji ilikuwa inatafuta mpimaji wa kukaa kwenye banio, pale mto unapozuiwa kwa ukuta wa mawe na kuingizwa kwenye mfereji wa kijiji. Wapimaji wengine waliposikia habari za baridi ya kule na utelezi wa barabara wakati wa masika, kila mmoja alikumbuka ghafla kuwa ana watoto wanaosoma. Wema hakuwa na mtoto. Mumewe Nassir alikuwa dereva wa lori la mbao, na lori likamshinda kwenye kona za kushukia Mombo. Tangu siku hiyo nyumba yao ya kupanga kule Tanga ilikuwa na viti vingi kuliko watu. Alipoambiwa kituo kiko Kwemlanda, kijiji alichozaliwa, alikubali kabla mkubwa wake hajamaliza kusema.

Nyumba ya ofisi ilikuwa ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, imejificha chini ya miti ya misindano. Asubuhi ukungu ulishuka hadi mlangoni, hata mtu akitoka nje na kikombe cha chai hakuuona mfereji uliokuwa mbele yake, ila aliusikia tu. Kijiji chenyewe kilikuwa bondeni. Wema alikuwa akishuka huko kila jioni, kwa sababu huko chini alikuwako Kassimu.

Kassimu alikuwa kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja, na kwa kweli alikuwa zaidi ya hapo. Baba yao alipofariki Wema alikuwa bado mdogo, na Kassimu ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema mtoto huyu ataendelea na shule. Siku ya kumpeleka shule ya bweni ya Kifungilo alilibeba sanduku lake la bati kichwani njia nzima. Walipofika getini akalitua, akalifuta vumbi kwa pindo la kanzu yake nyeupe, ili wasichana wa mjini wasije wakamcheka mdogo wake. Kanzu ikaharibika. Wema hakuisahau kanzu ile.

Sasa Kassimu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkulima wa hoho na kabichi, mwenye sauti inayovuka bonde. Mkewe Zuhura alimwekea wifi yake chakula bila kuuliza kama atakuja. Wema akiingia uani watoto waliacha walichokuwa wakifanya. "Shikamoo, shangazi!" Rahma, binti mkubwa, alimvuta kwenye kigoda amsuke. Katika jiko lile hapakuzungumzwa ila Kishambaa, na Wema, aliyeshinda mchana kutwa na Kiswahili cha ripoti, alihisi ulimi wake unavua viatu.

Basi maisha yakaenda hivyo, hadi kifaa cha leza kilipokuja.

Kwa miaka yote ya kazi yake Wema alikuwa amepima maji kwa kuyaingia. Alivaa buti ndefu, akasimama katikati ya mfereji na fimbo yenye kijipanga kinachozunguka, akahesabu mizunguko huku miguu ikifa ganzi. Siku hiyo akaja mhandisi wa ofisi, kijana mpole wa Tanga aitwaye Aron, akashusha kwenye gari visanduku viwili vya rangi ya kijivu, kila kimoja na sola yake. Kimoja wakakifunga kwenye bomba juu ya mfereji, pale pale kwenye banio. Cha pili wakakifunga mwisho wa bustani za kijiji, pale mfereji unaporudisha maji mtoni kabla mto haujaporomoka kuelekea mashamba ya kijiji cha Mnazi.

Watu walikuja kutazama. Kassimu akiwa mbele yao, mikono nyuma, kana kwamba kifaa kimenunuliwa na ukoo.

"Sasa hiki kinaingia majini saa ngapi?" akauliza.

"Hakiingii, kaka. Kinakaa hapo hapo juu. Kinapeleka mwanga chini."

"Mwanga unapima maji?"

Wema akatafakari kidogo amwelezeje. "Umewahi kusikiliza pikipiki ikipanda huu mlima? Ikiwa inakuja, sauti yake ni nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nene. Pikipiki ni ile ile, ila mbio zake zinaibadilisha sauti. Na mwanga ni hivyo hivyo. Unashuka, unagonga vichembe vya udongo vinavyokimbia na maji, unarudi juu umebadilika kidogo sana. Kifaa kinaujua huo mgeuko, basi kinajua maji yanakimbia kiasi gani. Kikishajua na kimo cha maji, kinajua yamepita mangapi."

"Kumbe hakioni maji. Kinaona uchafu!"

Watu wakacheka, na Wema akacheka nao. "Ndivyo, kaka. Maji yakiwa meupe kabisa, hayana hata chembe, kifaa hakioni kitu."

Kassimu aliichukua habari ile akaisambaza hadi sokoni Lushoto. Dada yangu, alisema, ana tochi inayojua mbio za maji. Hata watu waliokuwa hawamjui Wema wakaanza kumwita mama wa tochi, na yeye akafurahi moyoni zaidi ya alivyoonyesha.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Mawingu yalikuja, yakakaa juu ya vilele siku nzima kama wageni wasiosema walilojia, yakaondoka. Mto ukapungua hadi mawe ya chini yakatoa migongo. Jumuiya ya watumia maji ikaketi, watu wa juu na watu wa chini, wakakubaliana kwa amani: mchana maji ni ya Kwemlanda, usiku ni ya Mnazi. Kuanzia magharibi hadi alfajiri hakuna mtu wa juu atakayefungulia bustani yake; maji yote yatapita mferejini hadi yarudi mtoni. Kassimu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopeana mikono.

Haikupita muda mrefu Wema akaona jambo. Kila asubuhi alikuwa akiketi kizingitini na kishikwambi cha ofisi, akasoma yaliyopimwa usiku. Kifaa cha juu kilionyesha maji yameingia yote kwenye mfereji. Cha chini kilionyesha yaliyotoka ni nusu. Asubuhi iliyofuata ikawa nusu tena. Ile iliyofuata, pungufu ya nusu.

Kwanza alikishuku kifaa. Akakishukia kile cha chini, akakifuta kioo chake kwa kitambaa laini, akaondoa utando wa buibui, akapima upya urefu wake kutoka majini. Kisha akachukua fimbo yake ya zamani, akavaa buti, akaingia mfereji kwa miguu yake kama zamani. Kijipanga kikazunguka, naye akahesabu. Fimbo na leza vikasema neno moja. Vifaa vilikuwa vizima. Maji yalikuwa yanaingia mfereji na kutorokea njiani, na njiani hapakuwa na kitu ila bustani za watu wa Kwemlanda.

Bustani kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kassimu.

Alimkuta akipanga hoho kwenye tenga, asubuhi, jua likiwa bado halijakausha majani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona mapema? Nenda jikoni, chai ipo."

"Sikujia chai." Wema alitazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimezama. "Udongo wako umelowa, kaka."

"Umande."

"Umande haufiki kwenye kifundo cha mguu."

Kassimu akaacha kupanga hoho. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, lakini asubuhi ile hakukasirika. Alikwenda kwenye ukingo wa mfereji, akainua majani makavu ya mgomba kwa mguu. Chini yake ulikuwa umelala mpira mweusi, mnene, mdomo wake ndani ya maji.

"Haya, umeuona. Sasa?"

"Usiku ni zamu ya Mnazi."

"Zamu!" Akachuma jani la hoho lililojikunja akamwekea mkononi. "Lishike hilo uniambie lina zamu ya nani. Mchana tunagombea maji kaya zote, mimi mwenye shamba refu napata matone. Na usidhani niko peke yangu. Mipira iko mingi kwenye mfereji huu. Wangu ni mnene tu."

"Najua, kaka."

"Kama unajua, waambie mashine imekosea. Wewe mwenyewe ulisema hapa mbele ya watu, maji yakiwa meupe haioni. Kiangazi hiki si maji meupe? Unaona hadi kokoto. Hutakuwa umesema uongo, Wema. Utasema yale yale uliyokwisha kusema."

"Yale niliyasema tukicheka."

"Basi yaseme tena bila kucheka."

Wema hakunywa chai. Alipanda mlima akiwa bado ameshika lile jani.

Siku chache baadaye Aron alipita na gari, wakashuka pamoja hadi Mnazi kutazama hali. Kule chini joto lilikuwa limekaa juu ya mashamba kama kifuniko. Mahindi yalikuwa yamejikunja yakawa mfano wa vijiti. Wakamkuta mama mmoja amepiga magoti kwenye mchanga wa mto, anachimba kwa sufuria, anasubiri maji yachuruzike, anachota kikombe, anasubiri tena. Alipowaona alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akawatandikia mkeka kivulini.

"Mnisamehe, wageni wangu," alisema. "Leo sina hata maji ya kuwapa."

Hakulalamika zaidi ya hapo. Wema angependa alalamike.

Mkutano uliitishwa kwenye ghala la jumuiya. Watu wa Kwemlanda waliketi upande wa mlango, wa Mnazi upande wa ukuta. Waliotoka chini waliongozwa na Mzee Sharifu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Aron alisimama akasoma takwimu, kisha akauliza kama mtu ana la kusema.

Kassimu akasimama.

"Mimi nina swali kwa mtaalamu wetu," alisema, na hakusema dada yangu. "Alitufundisha mwenyewe kuwa hiyo tochi haioni maji. Inaona uchafu. Maji yakiwa meupe haioni kitu. Sasa ndugu zangu, maji ya kiangazi hiki yana uchafu gani? Hizo nusu zake zisije zikawa nusu za upofu."

Ghala likavuma. Hata Aron akageuka kumtazama Wema, maana ilikuwa hoja ya kweli, na hoja ya kweli iliyowekwa mahali pa uongo ni ngumu kuijibu.

Wema alisimama. Alimwona Zuhura kwenye kona, amefunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Aliyosema ni kweli," akaanza. "Kifaa kinahitaji chembe. Lakini kikikosa chembe hakisemi nusu. Kinasema sijaona, kinaacha nafasi tupu. Hapa hakikuacha nafasi tupu hata mara moja. Na mimi sikukiamini peke yake. Niliingia mwenyewe mfereji na fimbo, nikapata yale yale. Maji yanatoka katikati."

Angeweza kuketi hapo, na baadaye mara nyingi alijiuliza ingekuwaje kama angeketi. Lakini Mzee Sharifu aliinua kichwa, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mwanawe:

"Mwanangu, yanatoka wapi? Umeona kwa macho yako, au unakisia?"

"Nimeona, mzee."

"Kwa nani?"

Mvua ingenyesha saa ile juu ya bati angeshukuru, apate sababu ya kutosikika.

"Mipira iko kwenye bustani nyingi," alisema. "Ule niliouona kwa macho yangu ni wa kaka yangu Kassimu."

Mipira iliondolewa siku ile ile, na watu wa Mnazi wakipita na viongozi bustani hadi bustani. Ilipatikana mingi kuliko hata Wema alivyodhani. Lakini jina lililotajwa ghalani lilikuwa moja, na wenye mipira wengine wote walijificha nyuma ya jina hilo. Wazee walisema zamani, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Majirani hawakushika majembe. Walisema huyu mwanamke hana haya, amemvua nguo aliyemsomesha. Walisema mji umemla utu. Waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao mipira yao ilikuwa bado ina tope.

Hoho za Kassimu zilikauka. Hakumfokea Wema wala hakumtukana. Alichofanya ni kuacha kumwona. Wakikutana njiani macho yake yalimpita kama yanavyopita mti, na Wema akisema "Shikamoo, kaka," neno lilibaki hewani halina pa kutua.

Kwa watu wa kule salamu si adabu tu. Ndiyo inayokuambia uko hai na unahesabiwa. Mtu akiamka anaamkiwa, "Onga makeo," hata na anayemdai kuku. Wema akaanza kupita kijijini asubuhi hadi mchana bila kuamkiwa na mtu. Watoto wa Kassimu wakimwona waliangalia chini, wakaharakisha, na yule mdogo kabisa, ambaye hajajua kuficha, aligeuka nyuma mara mbili tatu kabla dada yake hajamvuta mkono. Dukani unga ulikuwa umekwisha kila alipofika yeye. Msikitini siku ya Idi, safu ya wanawake ilijipanga, na kila upande wa Wema pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Aliswali, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja mswala wake. Alirudi juu amevaa nguo mpya aliyojishonea, akapika pilau la kutosha watu sita kwa sababu hakujua kupika pilau la mtu mmoja, akalila hadi likachacha.

Watu wa Mnazi hawakuwa wabaya. Maji yalipowafikia Mzee Sharifu alituma mtu na kiroba cha mchele na salamu nyingi. Lakini kwao kulikuwa mbali, na mtu akishapata maji anakwenda shambani. Aron alipiga simu kila wiki, akauliza kama betri iko sawa, akauliza kama kioo kimefutwa, akaaga. Wema alijikuta akiurefusha mwito ule kwa maswali ambayo majibu yake aliyajua.

Alizungumza na redio. Baadaye alianza kuzungumza na kisanduku chenyewe. Akikifuta kioo alikiambia habari za ukungu, na kwamba sukari imekwisha. Siku moja alijisikia anakisalimia, "Umeamkaje?" kwa Kishambaa, akashtuka, akaketi ukingoni mwa mfereji akalia, kilio cha kweli, cha mabega. Hakulia tena baada ya hapo. Ila kuanzia siku hiyo alifanya kazi yake kimya.

Masika yalikuja na kuondoka. Rahma, yule binti wa kumsuka nywele, alikuwa ameposwa na kijana wa Soni, na siku ya harusi ikapangwa. Wema alizisikia habari hizo kwa mwenye kuuza mkaa. Alisikia pia nani amealikwa. Katika ukoo wao, binti anayeolewa hutolewa chumbani na shangazi yake, dada wa baba. Ndiye anayemfunika ushungi, ndiye anayemshika mkono hadi mlangoni. Kassimu hakuwa na dada mwingine. Alimpa kazi hiyo binamu mmoja wa mbali.

Siku yenyewe Wema aliamua asiisikie. Alishuka kwenye kifaa cha chini, akavaa buti, akaanza kuzoa tope lililojazwa na mvua mbele yake. Ngoma na vigelegele vilikuja na upepo, vikakatika, vikaja tena. Kisha vikakatika moja kwa moja. Alikuwa bado ameinama, mikono myeusi hadi viwikoni, aliposikia mtu anahema nyuma yake.

Alikuwa Zuhura, katika nguo zake za harusi, kiatu kimoja mkononi.

"Wifi," alisema Zuhura, akashindwa kuendelea, akashika kiuno apumue. "Wifi, mtoto amegoma."

"Nani amegoma?"

"Rahma. Wageni wa Soni wamefika, shehe amefika, ndoa imefungwa, na yeye amekaa kitandani. Anasema hatoki chumbani ila na shangazi yake. Binamu alimshika mkono, akamwambia wewe ni mkubwa wangu, nakuheshimu, lakini shangazi yangu yuko kule mferejini. Wakwe wanauliza shangazi ni mgonjwa? Tumekosa la kusema."

Wema alitazama mikono yake. "Kaka amesema nini?"

Zuhura hakuweza kusema uongo. "Hajasema. Nilimwambia naenda, akageuza uso."

"Hajakukataza?"

"Hajanikataza."

Wema akaosha mikono mferejini. Walipanda pamoja, bega kwa bega, Zuhura akichechemea, na hapakuwa na muda wa kusema yote yaliyotakiwa kusemwa. Uani watu waliwafungulia njia. Wema alipita katikati yao na buti zake za mpira, sketi imelowa, hakuna aliyecheka. Chumbani Rahma alikuwa ameketi wima, macho makavu, mkaidi kama babu yake.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Umechelewa."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Hapo ndipo Rahma alipolia, na wanja ukabidi upakwe upya.

Wema alimfunika ushungi, akamshika mkono, akamtoa. Vigelegele vilirudi. Alilishwa, akapewa soda, wanawake wa Soni wasiojua lolote wakamsalimia kwa furaha na kumuuliza habari za kazi. Kwa muda ule mfupi ilikuwa kama kwamba hapakutokea kitu. Magari yalipoondoka na bibi harusi, vumbi likatulia, akajikuta amesimama uani karibu na Kassimu. Wote wawili walikuwa wanatazama barabara.

"Hoho mwaka huu zimekubali," alisema Kassimu, bila kugeuka.

"Nimeziona kwa juu. Nzuri."

"Namwagilia mchana."

"Najua, kaka."

Alisubiri. Kassimu alikohoa, akaokota kiti kimoja cha kukodi, kisha cha pili, akaenda navyo ndani. Yalikuwa hayo tu. Wema alingoja kidogo, halafu akamsaidia Zuhura kuosha sufuria, akapanda kwake.

Baada ya harusi watu walianza kumsalimia tena, mmoja mmoja, kwa aibu. Unga ulipatikana dukani. Kassimu naye alijibu "Marahaba," kwa sauti ya chini, neno moja tu, na hakumkaribisha. Wema alikuwa amengoja neno hilo kwa muda mrefu, na lilipokuja aligundua kuwa lilikuwa ni neno tu. Alikuwa amerudi kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kijiji, lakini nyumbani kwa kaka yake alikuwa mpita njia anayeamkiwa.

Aron alipompigia kumwambia ofisi inafungua kituo kingine Kwai, na inatafuta mtu, alitaka kusema hapana. Akasikia sauti yake inasema ndiyo.

Siku ya kuhama Kassimu alipanda hadi kwenye banio. Hakuwa amepanda huko tangu mwaka wa ukame. Alibeba kitanda na dereva, akabeba na godoro, akafunga mizigo kwa kamba akaikaza mwenyewe, akaitikisa kujua kama itashika. Wema alimtazama mgongo wake, akataka kumwambia juu ya ile kanzu nyeupe, kwamba anaikumbuka. Lakini gari lilikuwa linanguruma.

"Kaka, nisamehe," alisema badala yake.

Kassimu alifikiri. "Ulisema kweli," alijibu. "Siwezi kukusamehe kwa kusema kweli. Na siwezi kuisahau. Nenda salama."

Akagonga ubavu wa gari, dereva akaondoa.

Kwai ni kwa watu wa viazi na maziwa, na hakuna aliyemjua Wema huko. Alikuta upweke wa namna nyingine: upweke wa mgeni, ambao ni mwepesi kuliko wa mtu anayejulikana na wote. Alifunga kifaa juu ya mto mdogo wenye maji ya rangi ya chai, akapata nyumba ya chumba kimoja, akanunua sufuria ndogo. Jioni ya kwanza jirani yake, mama wa makamo aitwaye Esta, alikuja na chupa ya maziwa ya moto. Wakaketi kwenye ngazi. Esta alikuwa mtu wa maswali.

"Umetokea wapi, dada?"

"Kwemlanda."

"Mbali. Una mume?"

"Alifariki."

"Pole sana. Watoto?"

"Sikujaliwa."

Esta akatikisa kichwa kwa huruma, akammiminia maziwa. "Basi huna mtu kabisa huko ulikotoka?"

Wema alikizungusha kikombe mkononi. Ng'ombe walikuwa wanaingizwa zizini, na mtu fulani alikuwa anawaita kwa majina.

"Ninaye kaka," alisema. "Anaitwa Kassimu. Analima hoho."